Shimo Lenye Mawe Meupe

Uroa, baada ya alasiri

Mwanangu mpenzi Zuwena,

Assalaam alaykum. Naanza na salamu za watu, maana wote wananipita nyuma ya mgongo na kila mmoja anataka ya kwake iandikwe mwanzo. Bibi yako Mwanahawa anakusalimu, na anasema shikamoo yako ya jana kwenye simu hakuisikia vizuri, anataka nyingine. Baba'ko anakusalimu. Yuko juu ya paa la jirani anafunga makuti, kanipigia ukelele kutoka huko huko, "Mwambie namwombea dua!" kisha karudi kugombana na kamba zake. Mdogo wako Khamis anakusalimu na anauliza kama chumba chako sasa ni chake. Nimemjibu kwamba mwenye chumba anasafiri, hakufa. Bi. Kazija wa nyumba ya pili anakusalimu sana, na kicheko chake unakijua, mpaka huku ndani kinafika. Hata paka wako hajambo, kalala juu ya gunia la nyuzi za usumba pale pale ulipomkataza. Na miye mama'ko sijambo, mzima wa afya, isipokuwa huu moyo tu, na huu unaujua tangu zamani kuwa haukai mahala pamoja.

Barua hii ataileta Shaame mwenye gari ya samaki. Alfajiri anakuja mjini, na ataiacha kwa mjomba'ko Othman hapo Michenzani, uisome kabla hujateremka kwenda bandarini. Utasema kwa nini Mama asipige simu. Nikipiga simu nalia, nikilia unanambia mtandao unakatika. Nimejaribu kukurikodia sauti. Nimerikodi nikafuta, nikarikodi nikafuta, Khamis akasema, "Mama, unamaliza chaji." Basi nikachukua kalamu. Mwandiko wangu wa darasa la tano uusamehe, na palipofutika ni jasho la mkono, usifikirie kingine.

Habari za sweta, dawa ya kikohozi, pesa za Dar na pesa za basi la Nairobi, na yule mwanamke atakayekupokea kituoni, yote nshamwambia mjomba'ko na atakurejelea mpaka uchoke. Humu siyaandiki. Humu nataka kusema habari ya shimo.

Najua ukisoma neno hilo tu utakunja uso. Usikunje. Tulishalicheka sote wawili, lakini hatujakaa tukalizungumza, na wewe kesho unaondoka na jambo lako liko chini ya matope hapa kwetu.

Unajua mwenyewe jinsi tulivyolelewa na makumbi ya nazi. Mimi nilifundishwa na bibi yako: maji yakitoka unakwenda pwani, unachimba shimo, unapanga makumbi yako, unafunika kwa makuti na mawe, unaiachia bahari miezi. Nyama ya kumbi inaoza, nyuzi zinabaki. Unafukua, unapiga kwa gongo, unapata usumba, unasokota kamba. Na desturi yetu unaijua. Mtu akikuwekea makumbi yake ndani ya shimo lako, siku ukifukua yako huyaachi ya mwenzio na matope. Unamfukulia, unampigia, unamwanikia. Ukimwachia hivi hivi, mtaa mzima utasema una roho mbaya.

Sasa wewe ulinipigia simu ile, ukasema, "Mama, nimeweka makumbi yangu kwenye shimo lako, upande wa juu." Hukusema umbo. Hukusema sanamu. Ulisema makumbi. Miye nikafurahi, nikasema mwanangu yuko mjini na wasanii wenziwe lakini bado anakumbuka kazi ya kwao.

Siku tulipofukua tulikuwa mimi na Bi. Kazija. Tukalikuta fungu lako, refu, kama mtu aliyeinama kutafuta kitu alichodondosha. Tukalivuta mpaka juu mchangani. Bi. Kazija akaligeuza.

"Mwanaisha, haya makumbi yana mshono."

"Ya Zuwena hayo," nikamwambia. "Watoto wa mjini hawajui kufunga, wanashona."

"Lakini kashona vizuri, wallahi. Tuyaache?"

"Tuyaache yakauke na matope, kesho mtoto aseme mama'ke mvivu? Piga, jua linaondoka."

Tukapiga. Na tuliimba, mwanangu. Tulilipiga umbo lako huku tunaimba.

Ukaja Ijumaa na yule rafiki yako, mmebeba godoro la kulifungia lisiumie njiani. Ukauliza, "Mama, liko wapi?" Nami kwa furaha nikakuonesha kamba ya kuanikia: "Lile pale! Usumba msafi hujapata kuuona!" Ulikwenda ukaushika, na kwa uso wako nikajua yale hayakuwa makumbi ya kamba. Nikangoja ulie, nikangoja upige kelele. Ulilikunja lile godoro, ukasema, "Maonyesho yanafunguliwa kesho, Mama." Basi. Nami katika ujinga wangu nikajibu, "Nitakusokotea kamba usiku huu, upeleke kamba."

Hapo ndipo anapocheka Bi. Kazija mpaka leo. Wewe siku ile hukucheka.

Sasa hili ulikuwa hulijui. Jumatatu yake nilikuja mjini. Sikuja kwa mjomba'ko. Nilishuka Darajani nikaulizauliza mpaka nikaliona lile jumba la maonyesho huko Shangani, nikavua viatu mlangoni, bawabu akacheka akanambia, "Vaa tu mama, si msikiti." Nikaingia. Kazi za watu zimesimama kila pahala, na katikati pana kisanduku cheupe cha kusimamishia kitu, juu yake hapana kitu, na ukutani jina lako. Zuwena Haji, Uroa.

Bawabu akaona nimesimama sana. Akasema, "Huyo msanii hakuleta kazi."

Nikamwambia, "Alileta. Miye ndiye niliyeipiga."

Alinitazama, kisha akaniletea kiti.

Nilikaa pale mpaka adhuhuri. Watu wanakuja, wanasoma jina lako, wanatazama kisanduku, wengine wanainama kutazama nyuma yake kama kitu kimeanguka. Mgeni mmoja alikipiga picha. Nilitaka kumwambia, dada, hapo hapana kitu, hapo palikuwa pawe na mwanangu. Sikujua hata nimwambie kwa lugha gani. Tangu siku ile naelewa kwamba nafasi yako ikiwa tupu, haijazwi na udhuru. Udhuru wetu ulikuwa mzuri kabisa, na haukuonekana pale.

Nilipochoka kutazama pako nikatazama pa wenzio. Kulikuwa na mti wa mabati yaliyokatwakatwa, ukipita upepo majani yanagongana. Kulikuwa na jogoo wa kandambili zilizookotwa ufukweni, huyo nilimpenda hapo hapo. Na kulikuwa na kitu cha mbao, mlango hauna nyumba, umefunguka nusu. Huo sikuuelewa. Nilitoka, nikafika njia panda, nikarudi kuutazama tena.

Wewe baada ya siku ile uliacha kwenda. Usikatae. Mjomba'ko alinambia, ukawa huendi kwenye maonyesho ya mtu yeyote, unashinda Michenzani unaandika vibao vya maduka ya Mlandege. Vibao vizuri, sikatai, lile duka la vitambaa mpaka leo watu wanalijua kwa kibao chako. Lakini nikaona haya yametoka mkononi mwangu. Basi nikawa nakwenda mimi. Kila nikija mjini kuuza kamba, kwanza nampitia bawabu. "Leo pana nini?" Naye, "Karibu Mama Makumbi, leo pana vitu vya chuma." Jioni nakupigia simu, nakusimulia. Unaitikia "mm", "mm", kama mtu anayeosha vyombo.

Mpaka siku ile nilipokwambia nimeona jiwe kubwa limesimama juu ya fimbo nyembamba. Hapo "mm" zikakoma. Kisha ukauliza, "Kwa chini limeshikwa na nini?"

Nikajua hujaacha.

Sikujua jibu, kwa hivyo wiki iliyofuata nilirudi, nikapiga magoti, nikachungulia. Bawabu akasema, "Mama, umedondosha nini?" Nikamwambia, "Sijadondosha, nimetumwa." Tangu hapo kila kazi nikiiona, kwanza nainama kutazama inavyosimama, maana najua utaniuliza. Watu wanaanza juu, miye naanza miguuni. Na nimeona mengi yanayopendeza kifuani huku chini yametiwa gundi na bismillahi.

Kwa hivyo huko uendako, nenda kwenye maonyesho ya wenzio hata ukiwa huna chako ndani. Hasa ukiwa huna chako. Siku ya kufungua nenda kwa salamu na sharubati, kwa sababu siku hiyo watu hutazamana wenyewe kwa wenyewe. Kisha rudi siku ambayo hakuna mtu. Kama kitu kimekukera, kisimamie kidogo. Ule mlango ulinikera wiki nzima, na siku nilipouelewa nilikuwa nimesimama hapa kwetu mlangoni, na wewe umeshika begi.

La pili ni ulimi wangu. Ulipopata moyo ukaweka kazi tena, ile ya vikapu vitatu vilivyomezana, nilikuja siku ya kufungua nimevaa buibui jipya, na hapana mtu aliyepita bila mimi kumshika. "Hii kaifanya mwanangu! Hiki ni kikapu cha bibi, hiki cha mama, hiki cha mtoto!" Mzee mmoja wa mjini alikuwa amesimama muda mrefu, ameweka mikono nyuma, uso wake unabadilika badilika. Nikamwendea na yeye, nikamweleza. Akasema, "Aa, kumbe," akaondoka.

Ukanivuta pembeni. Nilidhani utanitukana. Ulisema polepole, "Mama, ukishawaambia, hawatazami tena."

Iliniuma, mwanangu. Lakini ulisema kweli. Yule mzee alikuwa anajionea chake mwenyewe, pengine cha bibi yake, na mimi nikamnyang'anya nikampa changu. Sasa watu wakiuliza "hii ni nini?" nawauliza, "Wewe umeona nini?" Na majibu ninayoyasikia! Bora ya langu mara kumi. Huko Nairobi watakuuliza sana, na wewe ukiwa na hofu huwa unasema haraka haraka kama mimi. Waache wanyamaze mbele ya kazi yako. Kimya chao si dharau.

Kuna na dharau za kweli, hizo utazijua. Hapa mtaani zilikuwapo. Yule shoga yangu wa karibu na kisima, jina lake nalihifadhi, alinambia mbele za watu kwenye maulidi, "Mwanaisha, vitu vya mwanao mbona havina kazi? Havikaliwi, haviliwi, haviteki maji." Nikamuuliza, "Na ile sahani uliyoitundika ukutani sebuleni, unaipakulia wali lini?" Akashughulika na kahawa yake mpaka maulidi yakaisha.

Na bibi yako alihangaika kwa njia yake. Ulipoleta picha za kazi yako mpya alizishika mbali, akauliza, "Ina macho?" Ukamwambia, "Haina, bibi." "Ina mdomo?" "Haina." Akazisogeza karibu. "Basi mbona inanitazama?" Umeona alivyoiweka ile picha moja chini ya mto wake? Nakwambia kwa sababu yeye hatokwambia. Anasema kaiweka isipeperuke.

Haya. Shimo.

Mwaka huu ulikuja ukachimba lako. Hukuchimba mbali, hatua chache tu kutoka langu, lakini ulichimba lako, ukalizika umbo lako jipya, na juu yake ukapanga mawe meupe lijulikane. Nilikuwa nimesimama na maji yananifika vifundoni, nakutazama. Hukunambia kwa nini, nami sikuuliza. Wanawake wote pwani walielewa. Bi. Kazija akasema, "Hapo umewekewa mpaka, shoga." Nikacheka. Haukuwa uchungu mkubwa, ulikuwa mdogo, wa kumeza. Na miezi yote hii nimepita pembeni ya mawe yale na sikuyagusa hata kwa kidole cha mguu. Wimbi likilisogeza moja, namwita Bi. Kazija alirudishe, miye natazama kando.

Halafu ikaja barua ya hao wa nyumba ya wasanii ya Nairobi, kwamba wamekuchagua ukae kwao mwaka mzima ufanye kazi, na kwamba maonyesho yao makubwa yanafunguliwa baada ya mwezi wa mfungo, na wanalitaka lile umbo walisimamishe katikati. Ukaja mbio. Ukasema, "Nalitoa leo, niende nalo." Nikakwambia halijaiva. Ukasema, "Halijaiva ndiyo, lakini lipo." Ukachukua jembe. Yalikuwa maji mafu, hayakutoka ya kutosha. Tulifika pale mawe yako yanaonekana chini ya maji kama mayai, nawe umesimama na jembe na huwezi kuchimba. Kisha ukageuka, ukasema, "Basi libaki. Lioze." Ukapanda gari ukarudi mjini.

Lile neno ndilo limenifanya niandike.

Zuwena, lisiachwe lioze. Ni kazi kubwa kuliko zote ulizofanya, na mimi niliyetazama miguu ya kazi za watu zaidi ya mwaka naweza kusema hivyo bila kujipendelea. Ulilishona mbele yangu ukumbini kwetu. Niliona ulivyoacha nyuzi za ndani ziwe nyingi, nyama ikishaoza libaki limesimama lenyewe bila chuma. Likitoka mapema nyama itakauka nayo, litapasuka kwenye basi. Likichelewa mishono italegea, litalala kama godoro lako lile. Pana bamvua mbili kubwa mbele yetu, siku za maji kutoka mbali, ya mwezi huu na ya mwezi ujao. Kwa mkono wangu naona ni ya pili. Lakini mkono wangu unajua makumbi ya kamba. Wewe unajua unataka lisimame namna gani, na hapo miye sisemi.

Kwa hivyo nakuomba ruhusa ya kufungua shimo lako. Nakuomba, sikuamuru. Ningeweza kwenda tu nikalifukua nikakuletea kama zawadi, na zamani ndivyo ningefanya. Hivyo ndivyo nilivyofanya mara ile, nikifikiri nakupa zawadi. Safari hii nataka neno lako kwanza. Nambie: lifukuliwe lini, lioshwe kwa maji gani, lianikwe juani au kivulini, lilale upande gani. Kama kuna pahala pasiguswe, nambie pahala hapo. Na kama hutaki mkono wangu, sema hivyo pia, sitokasirika, Bi. Kazija atafukua na mimi nitashika taa. Baba'ko kashasema atalitengenezea kitanda cha miti na makuti cha kulisafirishia, na Shaame atalileta mpaka bandarini taratibu, bila samaki.

Wewe nenda. Sina wasiwasi na kazi yako, na hilo nalisema mimi ambaye nina wasiwasi na kila kitu, hata na paka. Aliyekunja godoro lake bila kumtukana mama'ke, kisha akarudi baharini kuchimba tena, huyo hapotei Nairobi. Nitalia kesho, hiyo ni kazi yangu, usijali. Kisha nitakwenda kwa bawabu kuuliza pana nini, na jioni nitakusimulia, kuanzia miguuni.

Nimesikia jina lako limeshaandikwa kwenye karatasi za maonyesho ya huko. Mimi nimeshakaa siku moja mbele ya jina lako na kisanduku kitupu. Sitaki mgeni mwingine akipige picha.

Bamvua ya kwanza ni wiki ijayo, na nikikosa jibu lako sitoligusa, hata roho ikinitoka. Basi ukifika tu, kabla hujafungua begi, niletee neno, kwa sauti au kwa maandishi, hata la mstari mmoja, Khamis atanifungulia simu. Gongo langu nimelipeleka kwa Bi. Kazija na nimemwambia alifungie ndani. Siku utakayosema twende, nitakwenda pwani na mikono yangu mitupu, nisimame pembeni ya mawe yako meupe, na nitakuwa na ruhusa.

Mama'ko akupendaye,
Mwanaisha